Samli kwenye Breki

Jana asubuhi mjukuu wangu Hamza alikuwa anabadilisha breki za gari lake kuukuu hapa uani kwetu Kawempe. Harufu ya lile vumbi jeusi la breki ikanifuata mpaka jikoni, nilikokuwa nakaanga vitunguu kwa samli. Zilipokutana harufu hizo mbili, mwiko ukanidondoka.

Mnivumilie, shule niliishia darasa la tatu, na nikianza kusimulia huwa napotea njia. Lakini hili nitalisema lote.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa uani hapa hapa: baba, mama, mimi, bibi mzaa baba, na Baba mdogo Rajabu, mdogo wake baba, ambaye alikuwa fundi wa magari. Wazee wa bibi walikuja huku na biashara kutoka pwani, wakaja na desturi yao: kitu kipya hakianzi kazi mpaka kipakwe samli na kusomewa Bismillahi. Kisu kipya, samli. Mtoto mchanga, samli mdomoni. Cherehani ya mama, bibi aliipaka mpaka ikachafua gauni la biharusi wa watu, na yule biharusi baadaye aliachika, lakini kwa sababu zake mwenyewe.

Baba mkono wake ulikuwa mwepesi. Mama aling'olewa jino kwa ajili ya chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Mimi alinichapa kwa mkanda wa feni, ule mpira mweusi wa kwenye injini, nikalala kifudifudi siku tatu. Njiani watu walimwita ssebo kwa heshima. Nyumbani akiingia getini tulinyamaza wote, na kuku naapa walinyamaza pia.

Basi, Jumapili hiyo Baba mdogo alilipandisha gari la baba kwenye jeki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua gurudumu moja la mbele. Pedi za breki zilikuwa zimelika, chuma kinasaga chuma. Pedi mpya akazipanga juu ya gunia safi, mbili kwa kila gurudumu, akaenda kunawa mikono.

Bibi alikuwa ndani na homa. Nikaona hakuna wa kuzipaka. Nilifikiri, na msinicheke, kwamba baraka ikiingia kwenye breki itapanda mpaka kwenye usukani, na kutoka kwenye usukani itaingia kwenye mkono wa baba, labda mkono utulie. Nikaleta kopo la samli, nikapaka pedi mbili pande zote, nikisoma Bismillahi. Jua lilikuwa kali, samli ikanywewa mara moja. Niliposikia Baba mdogo anarudi, nikakimbia na kopo langu.

Yeye hakuona kitu. Baba alikuwa amemsimamia kichwani, anampiga mateke ya mgongo. "Mvivu wee! Watu wananingoja Mengo!"

Pedi zilipofungwa baba akashika usukani, gari likateremka kilima, na kabla sijafunga geti tukasikia matairi yanalia, kisha kishindo. Breki zilishika upande mmoja tu. Gari likavutwa likapanda kibaraza cha muuza mkaa, likambeba mbuzi wake na kumbandika ukutani. Yule mbuzi alilia kama mtu. Wanaume walipolisukuma gari kulirudisha uani, baba alitembea mbele yake, paji la uso limepasuka, damu inaingia jichoni, na wanawake wanapiga kelele, "Banange! Mwacheni akae chini!" Kwenye gurudumu palitoka moshi wa samli iliyoungua, nami nikafurahi. Nilijua samli yangu ndiyo iliyomwokoa.

"Rajabu!" baba akanguruma. "Umetaka kuniua urithi nyumba ya mama!"

"Kaka, acha nitazame kwanza."

Akafungua gurudumu, akachomoa pedi, akainusa. Akaniangalia, gauni langu likiwa na samli mpaka kwenye kiwiko. Kisha akaifuta ile pedi kwa shati lake, akaifuta tena, akanitazama na kuweka kidole mdomoni. Ndipo akasimama.

"Nimekosea mimi, kaka. Niliishika kwa mkono wenye grisi."

Baba akauliza taratibu kabisa, "Mkono upi?"

Baba mdogo akanyoosha wa kulia. Baba akaulaza juu ya boneti, akapiga kwa spana ya magurudumu. Mara tatu. Vidole vikivunjika husikika kama kuni mbichi, hilo sitawaficha. Baba mdogo alitoka getini na godoro lake begani, mkono umefungwa kwa kanga ya mama, na hakurudi.

Mkono ule haukushika spana tena. Aliishia kuuza karanga Bugolobi, na wateja walimkemea kwa kuwapa kitu kwa mkono wa kushoto, wakimwona hana adabu. Mimi nilipita pale mara nyingi, mtu mzima na watoto wangu, na sikumsalimia. Si alikiri mwenyewe? Hata siku ya maziko yake niliwaambia wanawake wenzangu kwamba marehemu aliwahi kutaka kumuua baba.

Jana nilitoka jikoni na samli kidoleni, niipake pedi mpya ya Hamza kama tulivyolelewa. Akanidaka mkono.

"Jaja, hapana! Mafuta kidogo tu yakigusa hapa, breki haishiki. Utaniua."

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Kile kidole mdomoni, miaka yote hii nilidhani Baba mdogo alikuwa ananitisha nisiseme aliyoyafanya.

Hamza akaniuliza naumwa wapi. Akanishika mkono, akanifuta samli kwa shati lake.