Masika Alichagua Basi

Ukitaka kujua mtu wa Brussels atafikaje Paris, usihangaike na watu wa Brussels. Muulize Masika, msusi wa Berea, Johannesburg, saluni ya chini kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Atakuambia treni ya kasi inachukua saa moja na kidogo, unakaa kama waziri, ila ukichelewa kukata tiketi bei inakutukana. Basi ni saa nne na zaidi, unashuka miguu imevimba, lakini mzigo wako haukataliwi. Gari la kuchangia na watu usiowajua, hilo linategemea Mungu na dereva. Yote hayo aliyajua kwa simu iliyopasuka kioo, kidole kimoja kikisogeza picha, vingine vimeshika rasta za mteja.

Yeye mwenyewe alikuwa haendi kokote. Karatasi yake ya ukimbizi haimruhusu hata kuvuka mto Limpopo akarudi. Wateja walimcheka, wakamwuliza anapaa lini na atawaletea manukato gani. Ni Bushra tu, yule mwanamke wa Tanga anayesuka kwenye kiti cha pili, ambaye hakucheka, kwa kuwa alijua safari ile ni ya nani.

Kuna jambo ambalo ukoo mzima wa Masika ulilijua na hakuna aliyelitamka. Héritière, yule binti aliyekuwa anaolewa Paris, ni mtoto wa tumbo la Masika. Vita ilipowafikia kule Butembo, Kongo, mdogo wake Léocadie alikuwa amekwisha kupata makaratasi Ubelgiji na anawaita watoto wake. Masika akamsogeza Héritière katikati yao, mtoto hajui hata kufunga viatu, akaandikwa wa Léocadie. Nani angefanya vingine? Walikubaliana kwamba mambo yakitulia watasema kweli. Mambo yalitulia miaka na miaka. Mtoto akakua, akasoma, akawa muuguzi, na Masika akawa anamwita "tante", shangazi tu kwa Kifaransa. Hata mama mkubwa hakusema, neno ambalo lingekuwa walau nusu ya haki yake.

Sasa ilikuwa inakuja siku ya mahari. Katika ukoo wao, siku hiyo mzee wa upande wa mume husimama na kitenge kipya, akauliza ni nani aliyembeba bibi harusi mgongoni. Anayetajwa hupewa kile kitenge, akajifunga palepale mbele za watu, na tangu hapo hakuna atakayembishia umama wake. Ila mama hajitaji. Akijitaja ni aibu, ni sawa na mgeni kujipakulia nyama. Wa kumtaja ni mjomba wa binti, na mjomba aliyebaki hai alikuwa mmoja, Emery, kitinda mimba wao, aliyekuwa akiosha vyombo katika mgahawa wa Brussels bila kibali cha aina yoyote.

"Yaya, nitasema," Emery alimwambia kwenye simu; yaya kwao ni dada mkubwa. "Nitakutaja wewe, na nitamtaja na baba yetu juu yake. Wewe nifikishe tu."

Ndiyo maana Masika alikuwa anasoma njia za Ulaya kama mwanafunzi wa mtihani. Emery asipofika, hatamwona mtu mwingine wa kumtaja hadi kaburini, na alilijua hilo.

Léocadie naye akapiga simu, sauti ya asali. "Yaya, Emery aje na sisi. Mume wangu André ana gari, nafasi iko. Pale mpakani tunapita kila mara, hakuna anayetusimamisha."

Masika akajibu asante, tutaona, akakata simu kwa hasira. Alimjua mdogo wake. Njia nzima atamlainisha kijana wa watu: Emery, kutakuwa na watu wanapiga video; Emery, mwenye wivu akipeleka neno ofisini, mtoto atanyang'anywa uraia; Emery, kwani yaya atapungukiwa nini? Na Emery ana moyo wa siagi, mtu akimlilia hana la kumnyima. Kabla hawajaiona Paris, ulimi wake utakuwa umeshafungiwa kwenye buti pamoja na masufuria ya harusi.

"Gari la ndugu ni gari la ndugu, Mama Héritière," Bushra alimwambia. Ni yeye peke yake duniani aliyemwita hivyo. "Mpandishe mwanamume afike. Ya ulimi mtayajulia hukohuko."

"Léocadie hanibebei mtu wangu."

"Haya. Hasira hasara, lakini."

Ikabaki treni na basi. Bushra akasema treni, wale abiria wa suti nani atawagusa? Masika akatikisa kichwa. Treni haina mtu wa kumweleza shida yako, anayeiendesha humwoni hata sura. Basi lina dereva. Yeye mwenyewe aliingia nchi hii kwa basi kutoka Lusaka, hana pasipoti, na dereva alimwambia akae nyuma ajifanye amelala. Mpakani yule bwana akateremka, akawasalimu maaskari kwa majina, akawachekesha, akarudi akawasha injini, wakapita. Muulize Mkongomani yeyote wa Berea au Turffontein, atakupa hadithi hiyohiyo, dereva ndiye anayebadilika jina. Kwa Masika, basi lilikuwa na mdomo. Akaamini mabasi yote ya dunia yanao.

"Fika mapema," alimwagiza Emery. "Msalimie dereva, mwambie unaenda kwenye mahari ya mtoto wa dada yako. Kaa nyuma."

Emery akacheka. "Yaya, madereva wa huku hatuzungumzi nao hivyo."

"Kila dereva ana mama yake. Panda basi."

Akapanda basi. Angekwenda hata kwa punda kama yaya angesema.

Jumamosi ya mahari Masika alivaa blauzi mpya aliyoshonewa na Ishaka, fundi wa Newtown, akafungua saluni kwa kuwa kodi haijui sherehe. Emery alituma picha akiwa dirishani, tai imekaa upande. Halafu, mteja akiwa kichwa nusu, ukaja ujumbe wa neno moja kutoka mpakani: "Wamepanda." Masika akapiga. Ikaita, ikaita. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Bushra alimtazama, akaenda kuzima mashine ya kukaushia nywele bila kuambiwa.

Gari la André lilipita mpaka huohuo na masufuria yake, wala hakuna aliyeinua mkono kulisimamisha.

Alasiri Gaëlle, binti wa Léocadie, akamwonyesha Masika ukumbi kwa simu. Mzee wa upande wa mume akasimama na kitenge, akauliza. Léocadie akasema msemaji wao amepata matatizo njiani. Mzee akasema basi, hata hivyo mama hapotei, yuko wapi? Héritière akageuka akaitazama simu. Masika aliyaona macho ya mwanawe, akaona kwamba anajua, anajua kila kitu, na aliona yakishuka chini taratibu hadi kwenye kucha alizopakwa rangi. Watu wakamwelekea Léocadie. Akainuka huku analia, akajifunga kitenge, vigelegele vikapigwa.

Alikuwa analia kwa furaha au kwa haya, Masika hakutaka kujua. Alimchukia kwa moyo wake wote. Kisha akajichukia yeye zaidi, maana Emery angepanda lile gari, hata angelainishwa mpaka akawa maji, angekuwa amesimama pale, na aliyesimama pale anaweza bado kubadili nia na kufungua kinywa.

"Eish, mama," mteja akasema, "upande huu bado."

Akarudi kumalizia upande ule.

Baada ya siku chache Emery alipiga kutoka mahali walikomfungia. Alisema wanamtafutia ndege ya Kinshasa, mji asioujua na asiko na mtu. Alisema dereva alifungua mlango, akakaa akichezea simu yake mpaka polisi wakamaliza. Hakumlaumu yaya. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamnyima usingizi.

"Yaya, ilikuwaje? Nani alisema?"

Masika alikaa kwenye kiti cha wateja. Bushra alikuwa mlangoni, mgongo umemgeukia, anasikia.

"Alisema mtoto mwenyewe," Masika akajibu.

"Héritière?"

"Alisimama mbele ya watu wote, akasema mama yangu ni Masika, yuko Johannesburg. Kitenge wananitumia."

Emery akajibu, sauti imelowa. "Basi haidhuru, yaya. Hata wakinirudisha, haidhuru."

"Ndiyo," Masika akasema. "Haidhuru."