Viguzo vya Baraza Letu

Mwezi uliopita nilikwenda Kajiado kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Nilipomaliza foleni, miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya ofisi za zamani, hadi ilipokuwa nyumba yetu. Nilikuta vijana wawili wanaibomoa. Mabati yalikuwa yameshashushwa, na mbao zimerundikwa kando kama kuni. Mmoja wao alipasua ubao kwa shoka, harufu ya mtarakwa ikanifikia puani, nami nikasimama pale na bahasha yangu mkononi nikiwa na miaka kumi tena, mgongo ukiniuma.

Wewe rafiki yangu hukuiona nyumba ile, kwa hiyo nikueleze. Ilijengwa wakati wa Wazungu, kwa mbao tupu, ikainuliwa juu ya nguzo za mawe ili mchwa wasiifikie. Ilikuwa nyumba ya serikali, na baba yangu, karani wa ofisi ya mifugo, alipewa akae na familia yake. Sisi ni watu wa magharibi. Tulifika Kajiado mwanzoni mwa miaka ya tisini tukiwa na magunia mawili ya wimbi na debe la omena. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza refu, na ukingoni mwake viguzo kumi na vinne vya mtarakwa vilivyoshikilia reli ya kuegemea. Kila kiguzo kilikuwa kimekerezwa kwa mashine: tumbo nene chini, kiuno chembamba katikati, na kichwa cha mviringo kama kitunguu. Chini ya baraza kulikuwa na ngazi za mawe na kitalu cha mama cha sukuma.

Nilipenda baraza lile. Asubuhi nilikaa pale nikinywa uji huku jirani yetu, bibi wa Kimaasai tuliyemwita koko, akipita na kibuyu cha maziwa. Angesema "Takwenya," nami ningeitikia "Iko," naye angenimiminia maziwa yenye ladha ya moshi hadi kikombe kifurike. Siku za mnada tulisikia ng'ombe tangu alfajiri, na vumbi lao lilikaa juu ya ile reli hata ungeweza kuandika jina lako kwa kidole.

Baba hakuwa mlevi. Nimetamani mara nyingi angekuwa mlevi, maana ningekuwa na la kumwambia anayeniuliza. Alikuwa mzee wa kanisa, aliimba sauti ya nne, na alinukia sabuni. Lakini Jumamosi mchana, ofisi ikishafungwa, kitu kidogo tu kilitosha. Siku ya kwanza ninayoikumbuka, mkubwa wake wa kazi alikuja kuulizia funguo za stoo, na mama akamjibu kwamba baba amelala. Ilikuwa kweli. Mkubwa alipoondoka, baba alitoka chumbani polepole, akafunga vifungo vya mikono ya shati, akakipiga teke kiguzo cha tatu kutoka mlangoni hadi kikang'oka. Akampiga nacho mama. Mtarakwa ni mti mgumu. Ulikuwa mkono wa mama uliovunjika kwanza, kisha kiguzo.

Jumatatu yake baba alisema akinywa chai, "Hii ni mali ya serikali. Haiwezi kukaa na pengo. Uende Kitengela utafute mtu akereze ingine."

Hivyo ndivyo mama, mkono ukiwa kwenye plasta, alivyotumwa kutengenezesha kitu alichopigwa nacho. Mimi nilimbebea vile vipande viwili vilivyofungwa kwenye kanga.

Kitengela ya wakati huo hukuijua. Ilikuwa mstari wa maduka kando ya barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka ni mbuga tupu, na msimu fulani ungeona nyumbu wanakula nyasi karibu na mbuzi wa watu. Karakana ya mkereza ilikuwa banda la mabati nyuma ya duka la vitanda. Alikuwa mzee wa Kikamba, mfupi, mwenye kovu lililopita shavuni hadi sikioni. Alikereza miguu ya vitanda na ya stuli siku nzima. Alichukua vile vipande vyetu, akaviunganisha, akapitisha kidole pale palipovunjika.

"Hii haikuoza," alisema.

"Ni ng'ombe walipita," mama alijibu.

"Ng'ombe ya kupanda baraza?" Aliutazama mkono wa mama.

Alikata kipande cha mtarakwa, akakibana kati ya vyuma viwili vya mashine, akawasha mota. Mbao ya pembe nne ikizungushwa hupiga kelele mbaya, kila kona ikigonga patasi, tak-tak-tak-tak, na vibanzi vinaruka kama nzige. Nilijificha nyuma ya mama. Kisha kona zikaisha, kelele ikageuka kuwa mlio laini, na maranda yakaanza kutoka marefu, mekundu, yakimwangukia mkereza mikononi na kwenye ndevu. Tumbo likatokea, kiuno kikatokea, halafu kichwa. Alipima unene kwa chuma chake cha miguu miwili, akaweka msasa, na mbao ikatoa moshi kidogo wenye harufu tamu. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

Nitakuambia jambo ambalo nimeona haya kulisema maisha yangu yote. Siku zile za Kitengela zilikuwa siku tamu kuliko zote za utoto wangu. Tukingoja rangi ya kwanza ikauke, mama aliingia nami kwenye kibanda cha chai cha jirani, tukanywa chai na chapati za moto, akacheka na mwenye kibanda. Nyumbani hakucheka hivyo. Tulikwenda mara ya pili, kwa sababu ya barua aliyomwandikia mjomba bila ruhusa. Tulikwenda mara ya tatu, na sababu yake siikumbuki. Nilijua kila safari imelipiwa na mwili wa mama, na bado nilikuwa nikiitamani. Nyanya, mama yake baba, alituma salamu kutoka magharibi: "Mwambieni avumilie. Hata mimi nilivumilia, na nyumba ikasimama."

Mwaka niliokuwa darasa la tano, alikuja mtu wa kukagua nyumba za serikali. Baba alimtembeza kwa heshima. Mkaguzi aliona kwamba viguzo vitatu vilikuwa na rangi mpya, akaniuliza mimi niliyekuwa nimeketi pale nikichambua mchele, "Msichana, nani alivunja hizi?"

Nilikuwa nimefundishwa kutodanganya wakubwa. Nikasema, "Ni baba."

Mkaguzi alicheka, akidhani ni mzaha wa mtoto. Baba naye alicheka. Alimsindikiza hadi kwenye gari, akampungia mkono, akarudi. Aliking'oa kiguzo kile kile cha kwanza tulichobeba kutoka Kitengela, na pigo la kwanza likanikuta ninasimama. Nakumbuka mchele ukitawanyika. Nakumbuka pigo la pili na la tatu, na kwamba hewa ilikataa kuingia kifuani. La nne silikumbuka maana mama alikuwa ameshanilalia, na nilichosikia ni mlio wa mbao juu yake, butu, kama mtu anayetwanga kisamvu. Baba aliendelea hadi akachoka. Kisha akaenda kunawa mikono.

Tulipofika Kitengela safari hiyo, mama hakufungua kanga. Alisema, "Fundi, nataka zote. Kumi na nne."

"Zote zimevunjwa na ng'ombe?"

"Nataka za mbao laini. Za kuvunjika haraka. Lakini mtu akiziangalia asijue."

Mkereza alizima mashine. "Mama, mimi niko na miaka thelathini kwa hii kazi. Sijawahi kutengeneza kitu mbaya kwa kupenda."

Mama alinigeuza, akaniinulia sare mgongoni. Mzee yule alisogea, akatazama. Kisha alinishushia nguo yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunika kidonda cha mtoto wake.

"Nitatafuta sipresi yenye fundo," alisema. "Fundo likikaa kiunoni, hiyo haina nguvu. Mtoto anaweza kuvunja."

Lakini mbao yenye fundo ni hatari kuikereza, na yeye alijua kuliko sisi, maana kovu lake alilipata hivyo. Tulikaa pale siku mbili, tukalala kwa mwenye kibanda. Viguzo vitano vilipasuka mashineni. Cha sita kiliruka kutoka kwenye vyuma, kikampiga juu ya jicho, damu ikamwagika hadi kwenye maranda. Mama alitaka kumwambia aache. Mkereza alijifunga kitambaa kichwani, akabana kipande kingine, akaendelea jicho moja likiwa limefumba kwa uvimbe. Vilipotimia kumi na vinne, alivipanga ukutani. Vilikuwa vizuri kuliko vya Wazungu.

Baba alipotuona tumerudi na vyote alifurahi. Alisema mama ameanza kuwa na akili. Mimi na mama tuling'oa vya zamani, tukapachika vipya na kuvipaka rangi nyeupe Jumatatu nzima, na koko alikuja kutazama, akasema baraza letu linafanana na meno ya mtoto.

Miezi miwili ilipita. Jumapili moja asubuhi, mama alikuwa akipiga pasi shati la baba la kanisani, na cheche ikatoka kwenye pasi ya makaa, ikatoboa mfuko. Tundu dogo, kama punje ya mtama. Baba alilitazama. Akatoka hadi barazani, akakishika kiguzo na kukivuta, kikabaki mkononi nusu. Alikiangalia bila kuelewa. Akavuta cha pili, nacho kikakatika kiunoni. Akavunja cha tatu, cha nne, cha tano, akihema, na sasa alikuwa ameelewa.

"Umenifanya mjinga," alisema. "Kwa nyumba yangu."

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya baraza. Kila mara alikuwa akikimbilia ndani. Siku hiyo hakukimbia. Baba alimrukia kwa mikono mitupu, akamshika koo, akampigisha kichwa kwenye ukuta mara mbili. Nilimrukia mgongoni, nikamuuma sikio hadi nikaonja damu. Alinitupa kama nguo. Mama akajinasua, akapiga hatua moja pembeni, na baba alipomfuata kwa nguvu zake zote alikutana na reli. Viguzo tisa vilivyobaki vilikatika kwa mpigo, reli ikaenda, naye akaenda nayo, akaangukia ngazi za mawe. Paja lake lilivunjika. Nilisikia.

Nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi kabla sijaogopa. Alikuwa amelala kwenye sukuma, mguu umekunjika mahali pasipokunjika, anaita jina la mama kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mama alisimama juu akimtazama, damu ikimtiririka shingoni. Alisimama muda wa kutosha kusema Baba Yetu mara mbili. Kisha akaniambia, "Kimbia kwa koko. Mwambie alete vijana wake."

Vijana wa koko walimbeba kwa mlango uliong'olewa bawaba, wakampeleka hospitali. Alirudi na mguu mmoja mfupi, akakuta nyumba haina watu. Mama alikuwa amekodi chumba Kitengela, na alianza kwa kupiga msasa pale kwa mkereza, kisha akashika patasi. Watu walisema mengi kuhusu yeye na yule mzee. Hayakuwa kweli, naye hakuyajibu. Baba alipoteza kazi, akarudi magharibi kwa nyanya. Nilimtembelea mara moja nikiwa kidato cha pili. Alinikaribisha kama mgeni, akanichinjia kuku, na jambo pekee aliloniuliza kuhusu Kajiado ni kama serikali ilirekebisha lile baraza. Nilisema ndiyo. Sikujua. Alikufa mwaka uliofuata, na nililia kuliko nilivyotarajia.

Siku moja, mama akiwa tayari na mvi, nilimuuliza kama alijua baba ataanguka. "Nilijua mbao zitavunjika," alisema. "Hayo mengine sikujiuliza."

Sasa mkereza amekufa. Mahali pa banda lake pamesimama ghorofa, na miguu ya vitanda inaletwa kwenye malori ikiwa imeshatengenezwa, yote sawasawa. Nyumbu hawaji tena hadi barabarani. Koko amezikwa, na vijana wake wameuza shamba. Mwenye kibanda sijui alikokwenda. Na nyumba ile, ambayo ndani yake nilipigwa na kupendwa na kujifunza kusoma, niliiona mwezi uliopita ikiwa rundo la kuni.

Nilimwambia binti yangu habari hii juzi tukikatakata vitunguu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Lakini mama, mbona hamkuenda tu?" Nilimsogezea kitunguu kingine. Ana miaka kumi, na hajawahi kumsikia mtu akipigwa. Hajui hata sauti ya kipigo ikoje. Katika yote yaliyotoweka, sauti hiyo ndiyo pekee nisiyoililia.