Kadi ya Singida Niliyoisingizia

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu wanaokusoma ni wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mama wa watoto watatu, naishi Shelui mkoani Singida. Wanaotaka kunitukana kwenye komenti watukane tu, nimeshajitukana vya kutosha.

Nimepigwa na mume wangu miaka kumi na moja. Siyo vibao, jamani. Aliwahi kuning'oa jino mbele ya mama yake. Aliwahi kunikanyaga tumbo nikiwa na mimba ya miezi minne, na ile mimba ikatoka. Nikienda kushtaki kwao naambiwa vumilia mwanamke, ndoa ndivyo zilivyo. Nikavumilia, mjinga mimi.

Mwaka huu tulikodi shamba la mpunga upande wa Igunga, mkoa wa Tabora. Siku hiyo tunapura mpunga wawili tu, akaanza kuniuliza kwa nini nilicheka na dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kinachotubebea magunia. Sijajibu, ngumi imeshatua mdomoni. Nikaanguka juu ya mpunga, akanipiga mateke ya mbavu, akanikandamiza koo kwa goti mpaka macho yakaingia giza. Mkono wangu ukagusa gongo la kupurea. Nilimpiga nalo kichwani mara tatu. Pigo la kwanza lilikuwa la kujiokoa. Yale mawili mengine, alikuwa ameshalala chini.

Dereva aliporudi kuchukua magunia mengine nikamwambia mume wangu kaanguka kutoka juu ya magunia. Tukamkimbiza kituo cha afya cha hukohuko. Dereva akabaki naye kwenye gari, mimi nikaingia na kadi yetu ya bima ya jamii, nikasema mgonjwa yuko kwenye gari, kaumia kichwa, hana fahamu. Nesi, binti mdogo tu, akaiangalia akasema hii ni ya Singida, kwa huku Tabora haifanyi kazi. Nikadhani ndiyo basi. Kumbe hakuwa amemaliza. Akautazama mdomo wangu uliopasuka, akasema, “Lakini hiyo ni dharura, dada. Tunamtibu kwanza, mengine baadaye. Nani kawapiga?”

Akaenda kuchukua machela. Mimi kichwani nilikuwa naona polisi tu. Nikatoka mbio nikamwambia dereva, “Wametukataa, kadi siyo ya mkoa huu. Geuza gari twende Shelui.”

Njia nzima mume wangu alikuwa anakoroma na kutapika damu mapajani kwangu, zaidi ya saa moja. Shelui wakampa rufaa ya hospitali kubwa, na huko daktari akasema damu imevilia kwenye ubongo, angewahishwa isingefika hapo. Sasa upande wa kulia haufanyi kazi na hawezi kuongea. Na nisiwadanganye, tangu alale kitandani sijapigwa, na mwili wangu unajua hivyo.

Tatizo ni ule uongo. Ukoo mzima unalaani bima na yule nesi. Mama mkwe, huyohuyo aliyekuwa ananiambia nivumilie, ananishika mkono kila asubuhi nikimwamkia shikamoo, anasema, “Mwanangu, wewe ulimpigania. Yule binti ndiye kamuua mwanangu akiwa hai.” Mume wangu akisikia hivyo ananikazia macho, machozi yanamtoka, na mama anadhani analilia afya yake.

Shemeji yangu alipeleka malalamiko na nesi kasimamishwa kazi. Jumatatu tunaitwa kukutana naye ana kwa ana, na shahidi ni mimi. Dereva yeye atasema alichokisikia, na alichokisikia kilitoka mdomoni kwangu.

Nikisema kweli nitafungwa, na wanangu watalelewa na hao hao walionifundisha kuvumilia. Nikinyamaza, binti wa watu anapoteza kazi, na kosa lake ni kwenda kuchukua machela. Aliporudi nayo mlangoni alikuta gari halipo.

Ndugu zangu, nawaomba mnijibu kabla ya Jumatatu. Akinitazama usoni yule binti, mimi niseme nini?