Vitamini kabla ya Posa

Nilianza kuota upara nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, miaka ya sabini, kabla sijapata kitu kingine chochote. Hilo lisingenisumbua kama nisingekuwa na posa ya kupeleka kijijini Ekerenyo. Mshenga alituambia kwamba mzee wa huko ana hofu moja tu: kumwoza bintiye kwa mwanamume aliyeficha mke mahali. Na kichwa changu kilionekana cha mtu mwenye wake wawili.

Nikaenda duka la dawa mjini Kisii, nikanunua vidonge vya vitamini na madini. Chupa iliahidi nywele, ngozi na kucha, kwa mpangilio huo.

Mama, Msabato asiyegusa nguruwe tangu utotoni, alikiinua kidonge kimoja juani.

"Hili ganda ni la nini?"

Ningesema sijui. Lakini nilikuwa nimesoma, nikamweleza kwamba hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama.

"Mnyama gani?"

"Huenda ni ng'ombe."

"Huenda?"

Tangu siku hiyo alivipasua vyote, akatupa maganda chooni, akanikorogea unga wake kwenye uji wa wimbi. Uji ulinuka msumari. Niliunywa likizo nzima. Kucha ziliitikia: zikawa ngumu, zikang'aa kama za mtu asiyewahi kushika jembe. Ngozi haikutoa maoni. Nywele ziliendelea na safari yao.

Siku ya posa nilivaa kofia. Mpango ulikwenda vizuri mpaka chakula kilipoletwa, kwa sababu chakula huombewa, na mwanamume haombi akiwa na kofia. Nikaivua. Sala ilikuwa fupi kuliko kawaida.

"Tuliambiwa ni mwanafunzi," shangazi wa binti alisema.

"Ni mwanafunzi," mshenga akajibu.

"Wa ngumbaru, pamoja na wazee?"

Mama akaona anisaidie. "Anatumia dawa."

"Ala! Kumbe pia ni mgonjwa."

Mzee alinitazama kichwa, kisha kucha. "Mwanangu, huko kwenu nani anakulimia?"

Kabla sijajibu, binti, aliyekuwa akipakua ugali, akasema bila kuinua macho, "Tata, hicho kichwa nakijua."

Mshenga, ambaye kazi yake ni kusema, alijijaza ugali mdomoni.

"Umekiona wapi bila kofia?" baba yake akauliza.

"Kanisani kwao, huko mjini Kisii ninakofundisha. Sisi wa kwaya tunakaa tukiwatazama watu, na wakiinama kuomba tunaona vichwa tu. Hiki nimekiona likizo baada ya likizo, tangu kilipokuwa na nywele. Zimeisha nikitazama. Na hajawahi kuja na mtu."

Mzee alitafuna hilo pamoja na mboga.

"Kama umekiona mchana kweupe na bado unakitaka," akasema, "mimi ni nani nikikatae?"

Akamgeukia mshenga. "Haya, tuzungumze ng'ombe."