Muuza Nyama na Mfarishi Uliokataa Kulala

Watu wa mtaa ule walimwita Nundu, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Mabega yake yalijaza mlango wa bucha lake, na nundu yenyewe, ile nyama laini ya mgongoni mwa ng'ombe, aliwafichia chini ya meza wateja aliowapenda. Paja la ng'ombe alilipasua kwa pigo moja. Sasa mwambie mgeni kwamba mkono huohuo, ikifika jioni, hutunga uzi kwenye sindano nyembamba kama unywele, uone atakavyokutazama. Wenyeji wenyewe walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakarudi kununua nyama kwake kama kawaida, maana utani ni utani na mchuzi ni mchuzi.

Alianzaje? Aliteleza kwenye sakafu ya bucha, akavunjika mguu, akawekwa nyumbani kama gunia la chumvi. Kukaa hakujui. Akakosoa mapishi, akakosoa jirani anavyoanika nguo, akakosoa hata paka anavyolala, mpaka mkewe akachoka. Siku moja mama wa watu akamtupia mapajani suruali iliyochanika pamoja na kopo la nyuzi.

"Maadamu mdomo hautulii," akamwambia, "basi na mikono nayo ifanye kazi."

Nundu akaishona. Mshono ulipinda kama njia ya mbuzi, lakini ulishika. Akaomba nguo nyingine, na nyingine. Mguu ulipopona alikuwa ameshaunga vipande vya mashati yake makuukuu akapata foronya mbili, na cherehani ya mkono ya marehemu mama mkwe, iliyokaa miaka mingi juu ya kabati, ilikuwa imeshushwa, imetiwa mafuta, inaimba.

Tangu hapo akawa mtu wa viraka. Akifunga bucha hunawa kwa sabuni na ndimu hadi viwikoni, hunusa vidole, hunawa tena, ndipo aguse kitambaa. Huketi kwenye kona ya sebule, chini ya dirisha, miwani puani, pini mdomoni, na hapo usimsemeshe. Alipenda kila kitu cha kazi ile: mkasi unavyotafuna nguo, mvuke wa pasi ukilaza mshono, rangi mbili zilizonuniana zikiwekwa ubavu kwa ubavu zikapatana. Bucha lilimpa riziki naye aliliheshimu, ila kule kila alichokikata kililiwa kabla ya jua kuzama. Huku alichokikata alikikuta kesho yake, na akaweza kukiongeza. Furaha ile hakumficha mtu. Mteja akija kununua maini huonyeshwa kwanza foronya.

Nundu na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, tena baada ya miaka ya kungoja na kusemwa na watu. Binti akasoma, akawa mwalimu, akapangiwa shule kwenye mji wa milimani, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Habari ilipofika, mama akasema watanunua blanketi. Nundu akajipiga kifua.

"Blanketi la dukani? Mtoto wangu? Mimi nitamshonea mfarishi."

Mfarishi aliousema ni ule mzito wa kujifunika: juu vipande vya nguo vilivyoungwa, chini bitana, katikati pamba. Na vipande hakutaka vya kuokoteza. Alitaka lile sanduku.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha mkewe. Ndani yake mlikuwa na nguo za binti tangu siku aliyozaliwa, zimekunjwa, zimewekewa dawa ya nondo. Katika miaka ile hawakuwa na kamera, na picha za mtoto hazikuwapo. Mama mtu akitaka kumkumbuka mwanawe alivyokuwa, alifungua sanduku. Kwa hiyo mumewe alipoliomba, alikwenda kwanza kuepua chungu jikoni, na Nundu akadhani amekataliwa.

"Nitakupa," akasema hatimaye. "Lakini nisikilize vizuri. Ukiziharibu hizi nguo, usije ukaniambia pole. Pole haishonwi."

Akampa moja moja kwa mkono wake, kuanzia za uchanga. Hii kofia alitokea nayo hospitali. Hili gauni alilivaa siku alipomtapikia shemeji yako. Hii sketi ndiyo ya siku ya kwanza ya shule, akalia, nami nikalia nyuma ya mlango. Nundu akasikiliza, akakata. Kipande cha kwanza alikipima kwa rula, mraba safi kabisa. Akakiweka juu ya nguo ya pili, akakata kwa kukifuata. Akachukua hicho kipya, akakiweka juu ya nguo ya tatu, akakata. Hivyo hivyo mpaka sanduku likabaki tupu, na chini ya dirisha pakawa na mlima wa rangi.

Kisha akauchanganya ule mlima ili rangi zisifanane, akaanza kuunga. Siku zile alikuwa anatembea juu juu. Bucha alifungua kwa mluzi na kufunga kwa mluzi. Mishono ilikuwa inamgomea kidogo, kipande hiki kikizidi kile, lakini yeye akavuta, akabana, akashindilia, akasema nguo ni kama nyama, ukiibembeleza inakubali.

Jumapili akaja Fundi, mdogo wa mkewe, mwenye kibanda chake cha ushonaji karibu na soko. Huyo alikuwa shemeji wa kweli: mdomo wake na utani havikuachana. Nundu akamwita chumbani, akautandaza mfarishi juu ya kitanda kwa madaha yote.

Haukulala. Katikati uliota kichuguu. Pembe moja ilijikunja juu, nyingine ikavutwa ndani, na pembeni ulipiga mawimbi. Nundu akaulaza kwa viganja huku, ukafura kule.

Fundi akainama, akakunja kipande kimoja juu ya kingine. Cha chini kilichungulia upana wa kidole kizima.

"Shemeji, hivi ulikata kwa kipimo gani?"

"Kwa kipande."

"Kipande kipi?"

"Kilichotangulia."

Fundi akaketi kitandani akacheka mpaka machozi. "Sasa shemeji, kila kipande kinazidi mwenzake unywele mmoja. Unywele kwa unywele, mpaka mwisho umepata kichwa kizima. Nani alikufundisha?"

Hakufundishwa na mtu. Ndivyo alivyokata nyama maisha yake yote: kipande kikishalala kwenye gogo, kinachofuata hupimwa kwa hicho. Kwenye nyama nani atagombana kwa unywele? Mizani hukamilisha. Mshono hauna mizani.

"Dawa yake ni moja," Fundi akasema akijifuta macho. "Fumua vyote, uvipunguze vilingane na kile kidogo kabisa."

"Nitabaki na nini?"

"Kitambaa cha meza." Akafikiri. "Meza ndogo."

Akataka kucheka tena, ila akamwona dada yake mlangoni. Mama wa binti alikuwa amesikia yote. Hakufoka. Aliinama, akalivuta sanduku tupu kutoka uvunguni, akatazama ndani yake, akalifunga.

"Mdogo wangu," akasema, "mwambie shemeji yako chakula kipo jikoni."

Na tangu siku ile hakumsemesha mumewe moja kwa moja. Mgeni akiwapo, maneno yalipitia kwa mgeni. Asipokuwapo, yalipitia kwa vyombo. "Birika, mkumbushe mwenye nyumba mlango wa nyuma haujafungwa." Nundu naye akaenda kuufunga, afanyeje. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Nguo ikikatwa imekatwa, maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa amechukua kumbukumbu za mwanamke aliyemwamini, akazifanya vikorokoro, na pole yenyewe alishakatazwa kuisema.

Akafumua. Jioni baada ya jioni, kwa wembe, uzi baada ya uzi, bila mluzi. Kupunguza hakuweza. Kila akishika mkasi aliona ua lililotariziwa pembeni litakatika, au kijifuko cha sketi, au nusu ya beji ya shule. Akauweka chini. Binti alikuwa aje mwisho wa wiki kuchukua mizigo yake.

Asubuhi moja bucha lilikuwa limetulia, naye akawa anapanga nyama kwenye sinia la dirishani. Mikono ilipanga yenyewe, kama ilivyopanga kila asubuhi: vidogo katikati, vya wastani kuvizunguka, vikubwa ukingoni. Sinia likajaa sawasawa, hakuna kilichopanda juu ya mwenzake. Nundu akasimama, kisu mkononi. Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri utumbo akauliza kama anaumwa.

"Siumwi, bibi. Nilikuwa mjinga, sasa nimepona," akamjibu, akamzidishia utumbo, akafunga bucha mchana kweupe.

Nyumbani akavimwaga vipande sakafuni, akavitenga kwa ukubwa. Vidogo kabisa huku, vinavyofuata hapa, vikubwa kule ukutani. Na mafungu yalipokamilika, akapiga magoti palepale kuyatazama. Fungu dogo kabisa lilikuwa lote la uchanga: kofia ya hospitali, fulana za kunyonya. Lililofuata, magauni ya mtoto anayetambaa. Kisha chekechea, kisha sare ya shule, kisha blauzi za msichana. Mkewe alimpa nguo kwa kufuata miaka, naye kwa ujinga wake wa bucha akazikuza unywele kwa unywele. Hakuna mtu duniani aliyekaa akapanga hivyo. Nundu akacheka peke yake mle ndani, kwa sauti, huku machozi yanamtoka, na hakuona haya.

Akashona. Vya uchanga vikakaa katikati, vikazungukwa na vya kutambaa, hivyo vikazungukwa na vya chekechea, mzunguko juu ya mzunguko kama fremu juu ya fremu. Mzunguko uliopungukiwa aliujazia ukanda wa bitana. Mishono ikakubali bila kubembelezwa. Cherehani ikaimba hata majirani wakajua mambo yamebadilika, na mluzi ukarudi bucha. Mkewe alipita sebuleni na ndoo, akapita tena bila ndoo, akasema na birika kuhusu mambo mengine kabisa.

Jumamosi binti akafika, na Fundi akaja kumuaga. Nundu akautandaza mfarishi juu ya kitanda, akarudi nyuma.

Ukalala. Ulilala tambarare pembe hadi pembe, hakuna mahali uliponyanyua hata kope. Fundi, mtu wa kazi yake, hakusifu upesi. Aliugeuza upande wa nyuma, akapitisha kiganja, akavuta mishono miwili mitatu kwa kucha, akautafuta ule unywele wa kuzidi. Akaurudisha mfarishi kama ulivyokuwa.

"Shemeji, umenishinda. Huu niazime niutundike kibandani mpaka jioni."

"Kutundikwa hutundikwa nyama," Nundu akamjibu, na Fundi mwenyewe akakubali kwamba amepigwa.

Binti alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, hii kofia ya nani? Ndogo hivi?" Basi mama akasogea. Alikuwa amejiapiza kutosogea, lakini alisogea. Akaweka kidole katikati, kwenye kofia ya hospitali, akaanza kusimulia, na kidole kikawa kinatoka nje mzunguko kwa mzunguko: hapa uliota jino, hapa ulinikimbia sokoni nikawa kichaa, hapa shule ulilia. Hapa mimi nililia. Kwenye sanduku, nguo alizitazama moja moja. Sasa mwanawe alikuwa ametandazwa mbele yake mzima mzima, anakua huku anamwona. Kidole kilipofika ukingoni, kwenye blauzi ya siku ya usaili wa kazi, kikabaki hapo. Nundu alitazama miguu yake kama mshitakiwa anayengoja hukumu.

Hukumu haikutoka siku hiyo. Binti aliondoka kesho yake na mfarishi wake kifuani, hakukubali uwekwe kwenye buti la basi na mizigo mingine. Nyumba ikapoa. Nundu akaketi kwenye kona yake chini ya dirisha, hana kitambaa, hana kazi, anachezea kopo la nyuzi. Akawaza: mtoto amefurahi, Fundi amesalimu amri, mtaa mzima umesifu, lakini birika bado ndilo linalosemeshwa.

Mkewe akatoka chumbani. Mkononi alikuwa na gauni la kijani lenye maua meupe, lile alilovaa enzi za ujana wao, siku alipokwenda bucha kununua nusu kilo akarudi nyumbani na kilo nzima na salamu za kijana wa mabega mapana. Lilikuwa halijapungua hata kifungo.

"Mtoto amepata wa kujifunika," akamwambia mumewe, usoni kabisa. "Sisi je, tutajifunika nini?"

Nundu hakuamini masikio yake. Akaweka kopo chini. Akanyoosha mkono kulipokea gauni, kisha mkono ukasita hewani, akamtazama mkewe amuulize kwa macho kama ana hakika.

Mwanamke akalitandaza mwenyewe juu ya meza, akalilainisha kwa kiganja, akamsogezea mkasi.

"Kata," akasema.