Nyar Magunga Alikuwa Kwenye Mabano ya Pili

Mwanangu, wewe unayejifunza kuandika programu na kuniona mimi nyanya wa jembe tu, kaa chini. Iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata mboga ninayochambua inanitoka mkononi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye kliniki moja hapa Oyugis. Shule niliishia darasa la sita, lakini kompyuta ya pale niliiweza mimi. Perl, lugha ya kuandikia programu, nilifundishwa na daktari mmoja kijana kabla hajahamishwa. Nilijivuna, nikawa natembea kama mke wa chifu.

Basi daktari wa upasuaji akawa anakuja kwa siku tatu, kuwatibu wanawake walioumizwa na uzazi, wale ambao mkojo unawatoka bila wao kujua. Nikaambiwa nitoe orodha ya wagonjwa hao kwenye kompyuta. Na sisi Waluo unatujua. Mwenye mtoto tunamwita Min Otieno, mama yake Otieno. Asiye naye anabaki Nyar, binti wa kule alikozaliwa. Nikaandika hivi:

/(Min \w+)|(Nyar \w+)/

Yaani, tafuta huyu au yule. Kisha nikaiambia mashine ichape $1, kile kilichonaswa na mabano ya kwanza.

Ikaanza kulalamika, eti natumia kitu ambacho hakijawekwa chochote. Nikaona inanisumbua. Nikaondoa ile -w inayoleta maonyo, ikanyamaza. Orodha ikatoka na mistari mitupu hapa na pale. Nikasema printa imezeeka.

Mke wa kaka yangu, Nyar Magunga, mtoto wake wa pekee alifia tumboni baada ya uchungu wa siku tatu, naye akabaki anavuja. Nilimwambia atulie, jina lake limo, orodha nimeitoa mwenyewe. Akakaa kwenye benchi siku zote tatu, amekalia leso iliyokunjwa, nesi anasoma Min fulani, Min fulani. Daktari akapanda gari akaenda.

Wifi yangu akanijia. Hakulia.

"Kumbe hata mashine yako imejua sina mtoto," akaniambia.

Nilifungua programu, nikaisoma upya. Mabano, mwanangu, huhesabiwa yote kuanzia kushoto, hata yale ambayo hayakunasa kitu. Ikipatikana Min, $1 inajaa. Ikipatikana Nyar, inayojaa ni $2, na $1 inabaki bila chochote. Mashine haikumtupa. Ilimpata vizuri, ikamweka kwenye $2. Ni mimi ambaye sikuangalia huko.

Daktari yule hakurudi tena. Wifi alirudi kwao Magunga, akaishi na ile harufu ya mkojo, watu wakimkwepa hata kanisani, mpaka tukamzika. Nimeomba msamaha kwa Mungu miaka yote hii. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwomba, na sasa nimwombe wapi?

Kwa hiyo nisikize. Ukiandika njia mbili, kila jozi ya mabano uiulize kwanza kwa neno defined kama ina kitu. Au zungushia njia zote jozi moja tu ya mabano, (Min \w+|Nyar \w+), ndipo yeyote atakayepatikana atakuwa kwenye $1. Onyo usilizime kwa sababu linakukera. Na ukiona mstari mtupu, usisingizie printa. Uliza ni nani alipaswa kuwa pale.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu wako kabla gari la daktari halijaondoka. Mimi aliponipa, vumbi lilikuwa limeshatulia.