Maji ya Mama Chupa

Mama Chupa, mtunza maabara wa shule ya sekondari, alikuwa na ulimi mkali na alilinda kwa wivu kitu kimoja tu: maji yake ya mvuke. Aliyachemsha, akaukusanya mvuke wake tone kwa tone mpaka chupa kubwa ijae, maana majaribio ya wanafunzi hayataki maji yenye chumvichumvi.

Muhula ule majaribio yakaanza kwenda kombo. Chupa imejaa pomoni, lakini kila dawa ikitiwa, maji yanachafuka. Mama Chupa akajua anachezewa. Akamwita mwalimu mkuu, akamkabidhi kichupa cha nitrati ya fedha, dawa ya kupimia chumvi majini.

"Dondosha mwenyewe, Mkuu. Maji ya mvuke hayabadiliki hata kidogo."

Mkuu akadondosha huku akitabasamu kama bwana harusi. Maji yakawa meupe kama maziwa, kisha ungaunga ukaanza kushuka chini.

"Hiyo ni chumvi ya maji ya bomba, imeshikana na fedha," akasema Mama Chupa. "Kuna mtu anachota yangu, anajazia ya bomba. Na shule hii ina gari moja tu lenye betri ya kuongezwa maji ya mvuke, nalo unaliendesha wewe."

Mkuu akakohoa, akageukia dirishani. "Mama, nilichota kidogo tu..."

"Sina neno, baba. Ila gari linakunywa maji yangu, halafu mimi nakuja kwa miguu?"

Tangu siku hiyo Mama Chupa hushushwa mlangoni pa maabara kila asubuhi. Hukaa kiti cha mbele, na mkoba wake hubebwa na Mkuu.